Chakula cha Bila Moto Nilichompelekea Yaya Mwamini

Tangu nirudi, kila anayekuja kwangu kununua ndakala, dagaa wetu wa ziwa, ananiuliza swali lile lile kabla hata ya kuuliza bei: "Asumani, dada iko wapi?" Wengine wanauliza kwa uchungu. Wengine wameshasikia nusu ya habari na wanataka ile nusu nyingine. Nimejibu mpaka mdomo umechoka. Basi ninaandika mara moja, kila mtu asome, au asomewe. Shule mimi niliishia mwaka wa nne wa primeri, msitafute hapa maneno ya vitabu. Na majina ninayataja. Wanaosema majina yaachwe ni watu ambao hawajafiwa.

Jina la kwanza ni Komanda Sharubu. Si jina alilopewa na mama yake, ni jina alilojipa mwenyewe, na watu wa Lubondja wote wanalijua. Watu wake ndio waliochoma nyumba ya shemeji yangu Sefu na za majirani zake. Sefu na mke wake, ndiye Yaya Mwamini, dada yangu mkubwa, wakakimbilia juu kwenye vilima pamoja na wenzao, hawakufika hata ishirini. Sasa kule juu watu wa Sharubu wanatafuta wakimbizi kwa moshi. Wanakaa bondeni, wanaangalia vilima. Panapotoka moshi, wanapanda. Siku moja Yaya alikuwa na homa, Sefu akawasha moto mdogo amchemshie maji. Walipanda. Yaya alivutwa vichakani na wenzake. Sefu hakuwahi.

Habari ililetwa hapa Kazimia na mama mmoja wa biashara ya bunga, ule unga wa muhogo, aliyeipata Fizi. Ujumbe wa Yaya wenyewe ulikuwa na mambo mawili tu: yuko eda, na nimpelekee chakula cha bila moto.

Kwa ninyi msiojua mambo yetu Waislamu: mwanamke akifiwa na mume anakaa miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hasafiri, anatulia pale kifo kilipomkuta mpaka siku zitimie. Yaya alikuwa anaikaa eda yake porini.

Tumbo moja tumebaki mimi na yeye. Nikasema moyoni: ninaenda na chakula, na kurudi ninarudi naye, eda au si eda.

Kazimia mpaka Baraka, kwa boti

Mwenye boti ni Mbaruku, mnamjua, kazi yake ni kusema "tunaondoka sasa hivi". Alisema hivyo asubuhi. Saa sita alisema tena. Saa tisa alisema akiwa anatafuna. Tulikuwa tunangojea mbuzi wa mfanyabiashara mmoja, na mbuzi walipofika walikuwa wanane badala ya kumi na tano, wakaanza kugombana juu ya wale saba. Nikamwambia:

"Mbaruku, mi niko naenda kwa mufiwa."

"Papa Asumani, mufiwa haendi mahali. Mbuzi ndiyo zinakimbia."

Watu wakacheka. Mimi sikucheka, na nikaona vizuri nani alicheka.

Tulipofika ncha ya Ubwari, upepo ulikataa. Ili kuingia Baraka ni lazima kuizunguka ile ncha, na siku hiyo mawimbi yalikuwa yanapiga boti ubavuni kama mtu anayekudai deni. Mbaruku akatushusha ufukweni tungojee. Kila mtu akatafuta mawe matatu, akawasha moto. Kabla jua halijaingia ufuko wote ulikuwa unafuka, hapa bukari, ndiyo ugali wetu, hapa sombe ya majani ya muhogo, hapa mtu anachoma samaki. Mama mmoja ambaye simjui hata jina aliniita:

"Papa, njoo unawe mukono, bukari iko mengi."

Nilinawa. Nikakaa. Nikamega tonge ya kwanza, na macho yangu yakaenda kwenye moshi wake. Ulikuwa unapanda mnyoofu, mweupe, mrefu, na hakuna aliyeuangalia. Nikajiona kama mimi peke yangu ndiye mwenye akili hapo, au mimi peke yangu ndiye mwehu. Tonge ilikaa mkononi mpaka ikapoa.

"Haipendeze?" mama aliuliza.

"Inapendeza. Niko nafikiria tu."

"Fikiria na chakula ndani ya tumbo, Papa."

Nikaitia ile tonge mdomoni. Ningeanzia wapi? Tulikaa pale mpaka kesho yake mchana. Hesabuni wenyewe siku alizoniibia Mbaruku.

Baraka, siku mbili ndani ya depo

Baraka kila mtu alijua ile chakula. Ni pakiti za plastiki za rangi ya kahawia, zile ambazo askari wa nchi za mbali wanabeba vitani. Ndani iko biskuti, iko siagi ya karanga, iko nyama ndani ya mchuzi, iko sukari, hata kijiko kiko. Unapasua, unakula. Shirika moja lilileta malori yake kwa ajili ya watu waliokimbia, na depo ilikuwa chini ya mkono wa mtu anayeitwa Lwaboshi. Hilo ndilo jina la pili. Liandikeni.

Lwaboshi ni mtu mnene anayeongea bila kukuangalia. Nilimweleza habari zote, akasikiliza huku anakata kucha.

"Jina yako haiko kwa liste."

"Si mimi mukimbizi, shefu. Ni dada yangu."

"Basi dada yako akuje yeye mwenyewe aweke kidole."

"Iko porini. Hawezi kushuka."

"Basi pori imuandike."

Wapagazi wake ndio waliocheka sana. Lakini mchana huo lori liliingia, na wapagazi walikuwa wachache. Lwaboshi akaniangalia mabega, siyo uso. Akasema nikibeba mpaka lori la pili limalizike, nitapata karto moja, katoni nzima ya zile pakiti. Nikavua shati. Mimi ujana wangu wote nilibeba mizigo kwenye gati, nikadhani mwili haujasahau. Mwili ulikuwa umesahau. Siku ya kwanza jioni nilishindwa kufunga vifungo vya shati langu.

Na katika kubeba niliona. Karto zinazoingia kwa mlango wa mbele, nyingine zinatokea mlango wa nyuma. Ziliingia nyumba ya shemeji yake Lwaboshi. Ziliingia kibanda cha pale karibu na soko, zikapangwa pamoja na sabuni. Wamama waliokuwa kwenye liste walikaa juani na vitunga vyao, wakaambiwa lori la kesho. Mimi mwenyewe nilizibeba kwa bega langu hili kupitia mlango wa nyuma. Sijifichi.

Siku ya pili alinipa karto yangu, na akanionyesha namna ya kula. Hapo alichangamka, kama mtu anayeonyesha saa mpya. Ndani ya kila pakiti mlikuwa na mfuko mwembamba wa kijani.

"Unaona hii? Unatia nyama humu, unatia maji kidogo, unakunja. Inachemka yenyewe. Hakuna kuni, hakuna kiberiti, hakuna moto."

"Hakuna moto kabisa?"

"Kabisa. Hata mutoto anaweza."

Ninyi mnajua mimi si mtu wa kulia. Lakini niliposikia hivyo niligeuka nikajifanya ninafunga kamba. Moyoni nilikuwa nimemwona Yaya na kitu cha moto mkononi.

Baraka mpaka Fizi, kwa pikipiki

Njia fupi ya Lubondja ilikuwa imefungwa, ikabidi nipitie Fizi. Motari aliyenibeba anaitwa Dunia, mtu wa maneno mengi. Karto ilikaa katikati yetu, kona yake ikinichoma tumbo kila shimo. Tuliposimama kupoza mashine nilimpa biskuti moja. Aliitafuna muda mrefu.

"Papa, hii ni chakula ama ni kigae?"

"Kunywa maji juu yake."

Akanywa. Akangojea. Akagonga tumbo.

"Kweli inajaza. Lakini muke akinipikia hii, ninamurudisha kwao."

Huyo ndiye mtu wa mwisho aliyenichekesha katika safari hii.

Kabla ya kuingia Fizi kuna bariyeri, kizuizi cha askari. Askari mmoja mrefu, macho mekundu, alinyoosha mkono. "Yaka! Njoo hapa! Shuka. Fungua." Nikafungua. Akaitoa pakiti, akaigeuza, uso ukabadilika.

"Hii ni ya basoda, ya baaskari."

"Ni ya bakimbizi, afande. Nimeitoa depo ya Baraka."

"Mukimbizi anakula chakula ya vita? Unapelekea nani? Unapelekea Sharubu?"

Sikieni vizuri. Mimi, ambaye Sharubu amemuua shemeji yangu, niliwekwa chini ya kamba ya bariyeri kwa kosa la kumpelekea Sharubu chakula. Nilikaa hapo tangu asubuhi mpaka vivuli vikageuka. Kila aliyepita alinitazama. Wengine walikuwa watu wa Kazimia, na waligeuza uso. Nao ninawajua.

Mchana yule askari mrefu alikuja akachuchumaa mbele yangu na pakiti yangu mwenyewe, akaanza kula. Alikula biskuti, akalamba karanga, akanyonya jemu mpaka kifuko kikawa bapa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu mwingine:

"Muzee, hata sie tunaokufa hatupewe hii. Sie tunakula maharagi yenye bidudu."

"Pole, afande."

"Pole ya nini? Funga karto yako, enda."

Alibaki na pakiti sita. Dunia alikuwa ameningojea siku nzima chini ya mti, si kwa upendo, alikosa abiria wa kurudi naye. Hata hivyo aliningojea. Alinifikisha Fizi, akaniaga, na sauti ya pikipiki yake ilipopotea nikagundua kwamba toka hapo sina mtu wa kusema naye njiani.

Fizi mpaka juu ya Lubondja, kwa miguu

Yule mama wa bunga aliyeleta ujumbe nilimkuta Fizi, akanionyesha njia kwa kidole, hakukubali kwenda nami. Alinifundisha mambo matatu: nisifuate barabara, nisiite mtu jina, na nikifika shamba la muhogo lenye nyumba iliyoungua nikae wazi katikati, nitakujiwa.

Nilitembea siku mbili na karto kichwani. Mashamba yamekomaa, hakuna wa kuvuna. Nilipita nyumba ambazo mlango uko wazi na jungu limepinduliwa mbele yake, jogoo mmoja anatembea kama ndiye mwenye kijiji. Sikusikia mtwangio hata mmoja. Kijiji chetu bila mtwangio, mtu unajisikia kama umekuwa kiziwi. Nikaanza kuongea na karto. Ninaandika hili na ninyi mcheke. Niliiambia, "Tupumzike hapa," na, "Tumebakiza kilima kimoja."

Katika shamba lile nilikaa wazi kama nilivyoagizwa. Jua lilinipiga kichwani, likanipiga mgongoni. Nilijua niko naonwa, na anayeniona hataki nimwone. Nilipokuwa nimekata tamaa, nyasi ziliongea nyuma yangu:

"Mutoto wa nani?"

"Wa Ramazani wa Kazimia. Mudogo wa Mwamini."

"Mwamini iko na alama gani?"

"Kidole cha mwisho cha mukono wa kushoto hakikunji. Alikikata na kisu cha samaki akiwa mudogo."

Akatoka mwanamke mkavu, mfupi, na panga mkononi. Huyo ni Mama Etabo. Ndiye aliyekuwa anawaongoza wale watu, na ndiye aliyemvuta Yaya vichakani siku ya Sefu. Aliitazama karto yangu, hakusema karibu wala hakusema rudi. Alitembea, nikamfuata.

Siku tatu kule juu

Yaya alikuwa amekaa pembeni ya wengine, nyuma ya kikwembe, kitenge chake kimoja, kilichofungwa kati ya miti miwili. Na kile alichokivaa mwilini alikuwa amekigeuza ndani nje, kwa sababu upande wa juu una maua mekundu, na yeye ni mwanamke wa eda. Porini, mvua juu, njaa ndani, na amegeuza kikwembe. Mikono yake ilikuwa myembamba kama ya mtoto.

"Umenenepa," alisema. Ndiyo ilikuwa salamu.

"Ni karto iko mbele ya tumbo, Yaya."

Akacheka. Alicheka bila sauti, mabega tu. Kule wote wanacheka hivyo, wanakohoa ndani ya nguo, wanalia hivyo hivyo.

Nilipasua pakiti nikapanga vitu mbele yake kama mfanyabiashara. Biskuti alikula. Karanga alikula. Alipofika kwenye nyama aliuliza:

"Ni nyama gani?"

"Ya ngombe. Tazama, iko picha."

"Nani alichinja?"

"Sijui, Yaya. Inatoka mbali."

"Ngombe hajichinje mwenyewe, Asumani. Nani alichinja?"

"Uko na njaa miezi miwili! Mungu anaona."

"Niko na njaa, ndiyo. Sijasahau mi ni nani."

Nyama akawapa wengine. Mzee mmoja wa pale alikula pakiti nzima, akafuta mdomo, akaniuliza kwa heshima kabisa: "Aksanti, tumeonja. Na bukari iko wapi?" Nikamwambia hiyo ndiyo chakula yenyewe, imekwisha. Alinihurumia. Hakuelewa kwa nini mtu atembee kutoka Kazimia na kitu cha kuonja tu.

Siku ya pili nilimwambia Yaya turudi. Nikamwambia kitu kingine pia, nacho nakiandika kwa aibu. Nilimwambia eda yake imebaki siku tano, nimehesabu kwa kalenda ya msikiti. Nilifikiri porini mtu anapoteza hesabu.

Alinyoosha pindo la kikwembe chake. Kisha akasema:

"Sefu alikufa siku mwezi unatoka, na toka hapo nimeuona ukitoka mara mbili. Wa tatu haujatoka. Umevuka ziwa yote ile kuja kunidanganyia siku za Sefu?"

"Nataka ufike nyumbani muzima."

"Siku zikitimia nitakuja. Kwa miguu yangu. We kazi yako ni kuhesabu vizuri, siyo kuhesabu haraka."

Nilikaa nje ya kile kikwembe mpaka jioni kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Siku ya tatu aliamka anatetemeka. Jua lilipanda, mchana ukawa mweupe, hakuna upepo hata wa kutikisa jani, na yeye bado meno yanagongana. Akasema, si kwa kuniomba, anasema tu: "Kitu ya moto sijaweka kinywani tangu ile maji ya Sefu." Hata ile maji hakuinywa, mnakumbuka.

Nikakumbuka mfuko wa kijani. Nikachukua maharagi, si nyama, asipate sababu ya kukataa. Nikatia ndani ya mfuko, nikatia maji, nikakunja, nikausimamisha kwenye jiwe pale palipo wazi, nimwonyeshe. Nilikuwa nimejaa furaha. Nilitaka aone mdogo wake ameleta nini.

Mfuko ulianza kuvuma. Ukavimba. Halafu ukatoa pumzi nyeupe, nzito, ikapanda mnyoofu juu ya miti kwenye ule mchana usio na upepo.

Hakuna aliyepiga kelele. Nilisikia ulimi mmoja ukigonga, ko, ko, na nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Watu wote wale, wazee, wamama wenye watoto mgongoni, wamekwisha kwenye nyasi kama maji kwenye mchanga. Yaya naye. Kikwembe kilikuwa bado kinacheza pale alipopita. Nilibaki mimi na mfuko unaochemka. Niliurukia, nikaukanyaga, maji yake yakaniunguza mguu. Kovu liko, mtu akitaka nitamwonyesha. Nikakaa. Sikuwa na ruhusa ya kuita jina la dada yangu.

Jua lilikuwa limeinama aliporudi Mama Etabo, peke yake.

"Si moshi," nilisema. "Mama, ni mvuke. Ni mvuke tu ya maji."

"Sharubu kule chini, anajua kuchagua mvuke na moshi?"

Aliusukuma ule mfuko kwa ncha ya panga.

"Sefu aliwasha, Sefu akafa. Toka siku ile tuliapa: mwenye kuonyesha mahali petu anatoka, hata kama ni mutoto wangu. We ni mugeni, ndiyo sababu nimekuja kusema, sikukuja na hii," akanionyesha panga. "Tunahama kabla jua haijaingia. Usitufuate. Usijue."

"Na Mwamini?"

"Mwamini iko na kinywa chake."

Yaya alikuwa amesimama nyuma kidogo, mahali ambapo sikumwona. Nilimwambia: "Unahama hata hivyo. Ile ya kutulia pa Sefu imekwisha. Hama na mi."

"Nikihama na we leo, watasema nini? Mudogo alikuja akatoa moshi, dada akaondoka naye. Watasema tuliwauza. Hawa ndio wamenificha, Asumani."

"Mi nilitaka upate kitu ya moto."

"Najua." Akasema tena, "Najua." Akaja karibu, akanishika uso kwa ile mikono baridi. "Na Sefu vilevile alitaka."

Mama Etabo alinirudishia karto. Alisema makaratasi yake yanang'aa juani, hawayataki. Yaya alichota biskuti akazifunga kwenye pindo la kikwembe, na Mama Etabo akageuza shingo akajifanya anaangalia bonde. Kisha nyasi zikafunga. Sikuweza hata kujua wameelekea juu au chini.

Kurudi

Nilishuka usiku huo na kesho yake yote. Sharubu hakupanda, au kama alipanda sikusikia bunduki. Sijui. Hilo ndilo linalonila.

Siku ya pili njaa ilinikamata miguuni. Nilifungua pakiti, nikala ile nyama, baridi, na mafuta yake yameganda. Sikujua nani alichinja. Imamu akisoma hapa akasirike, nitakaa mbele yake. Nilikula nimekaa kwenye shamba la mtu aliyekimbia, nikalamba mpaka kijiko, na sikupata ladha yoyote.

Baraka nilikwenda moja kwa moja kwa Lwaboshi.

"Hukuniambia inatoa moshi."

"Si moshi, ni mvuke. Na imeandikwa palepale juu ya mfuko."

"Imeandikwa kwa luga gani?"

Akauchukua, akauweka karibu na macho, akauweka mbali. Akanirudishia.

"Mi pia hii sisome," akasema, akaendelea na kucha zake.

Nilimwachia karto mbele ya mlango. Kabla sijafika kona ilikuwa imeshaokotwa.

Kwenye boti ya kurudi watu walinipisha nafasi kubwa, kumbe nilikuwa nanuka. Upepo ulikuwa mzuri, Ubwari tuliizunguka bila kusimama. Safari ya kurudi ilikuwa fupi namna ile, nikaichukia.

Basi hayo ndiyo mliyokuwa mnaniuliza. Toka nimerudi kazi yangu ni ile aliyonipa, nahesabu vizuri. Mwezi wa tatu ulitoka. Wa nne ulitoka. Nikaongeza zile siku kumi, moja moja, na nikamwomba imamu naye ahesabu mbali na mimi ili nisijidanganye. Sote wawili tukafikia siku ile ile. Eda ya Yaya ilitimia Ijumaa iliyopita. Alisema atakuja kwa miguu yake, na hajafika, na mimi siwezi kupanda kumtafuta, kwa sababu mguu wangu ndio uliowahamisha, na nikikanyaga tena vilima vile watakimbia kabla sijawaona.

Lakini ninyi mnapanda. Wa bunga, wa chumvi, wa sabuni, mnafika Fizi kila soko. Labda kule mvua imeficha mwezi akapoteza hesabu, yuko anakaa siku ambazo hazipo. Mkikutana na mtu yeyote aliyetoka juu, msitaje jina langu. Mwambieni tu amfikishie Mwamini kwamba siku zimetimia, zimehesabiwa na wawili, na sasa anaweza kugeuza kikwembe.